Masika Watatu wa Kasindi

Ninyi mnaokalia sasa viti vya ofisi yetu ya ukaguzi wa kazi, Butembo, Beni na pale mpakani Kasindi, mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi wakati wa vita. Mliomba kwa heshima, lakini nilisikia swali lililojificha chini ya ombi lenu: mliwalinda watu kwa kitu gani, nanyi wenyewe hamkuwa na wa kuwalinda? Ni swali zuri. Nitalijibu kwa kuanza na mabenchi.

Siku yangu ya kwanza niliripoti Beni nikiwa na viatu vipya na diploma ndani ya bahasha. Papa Katembo, mkaguzi wa zamani aliyepewa kazi ya kunifundisha, hakuitazama bahasha. Alinionyesha mabenchi mawili ya mbao za mkaratusi, moja karibu na mlango, jingine kwenye ukuta wa nyuma, akaniagiza niyabadilishe nafasi. Nikayabadilisha. Akaniagiza niyarudishe. Nikayarudisha, jasho likinitoka kwenye blauzi ya siku ya kwanza.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona iko mazito, Papa."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Hiyo nayo ni kuona. Sasa sikia. Mwenye kutafuta batu ya kazi anakaa huku, mulangoni. Mwenye kuenda kufanya kazi anakaa kule nyuma. Katikati yao iko weye. Na ule wa nyuma ndiye anasema wa kwanza. Huyu wa mulangoni akitaka kumujibia, mupatie mayi akunywe."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Halafu nikaona jagi la maji juu ya dirisha na kikombe cha plastiki chekundu kando yake. Mtu anayekunywa maji hawezi kusema kwa niaba ya mwingine. Katika miaka yangu ya kazi nimewanywesha maji mawakala wengi wa ajira kuliko muuguzi yeyote wa hospitali, na baadhi yao hata hawakuwa na kiu.

Watu wetu wamevuka mpaka tangu zamani za babu zetu. Mafundi wa kujenga kutoka Butembo, wachumaji wa chai, wasichana wa kazi za nyumbani, vijana wa nyanda za juu za Lubero ambao mashamba ya wazazi wao yamegawanywa mpaka mgawo wa mmoja hautoshi hata mstari wa viazi. Ng'ambo ya mto wako Wakonzo, wanaosema karibu lugha yetu na kubeba karibu majina yetu. Mkisikia wakubwa wakiuita uhamiaji tatizo, kumbukeni kwamba kwa mtu wa Kasindi ni kama kwenda upande wa pili wa barabara. Tatizo ni kile anachofanyiwa akifika, na mara nyingi kinaanza kabla hajaondoka.

Papa Katembo alikuwa na swali moja alilolipenda kuliko yote. Hakuuliza kwanza mkataba uko wapi. Aliuliza kuhusu kadi ya utambulisho: "Karte yako iko wapi?" Mtu akigusa mfuko wake, mzee alitulia. Mtu akimtazama wakala, mzee alishika jagi.

"Mutu mwenye karte yake anaweza kutoka kwa tajiri mubaya akaenda kwa tajiri mwingine," aliniambia. "Mutu asiye na karte, hata mulango ukiwa wazi, ni mufungwa. Ataenda wapi? Atasema yeye ni nani?"

Nimesoma baadaye mikataba ya kimataifa kuhusu haki za wafanyakazi wahamiaji, kurasa nyingi, Kifaransa kizuri. Hilo limo mle ndani pia. Wameliandika kwa urefu zaidi.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi vimebadili jina. Nchi ilipoacha kuitwa Zaire, mhuri wetu uliendelea kuitwa hivyo kwa muda mrefu, maana hakuna aliyekumbuka kutuletea mwingine. Wakubwa wapya wakaleta wao. Walipogombana, waliowafukuza wakaleta wao. Papa Katembo aliihifadhi yote kwenye kopo la maziwa ya unga. "Hatujui kesho nani atarudia," alisema. Yeye mwenyewe aliacha kazi akarudi kwao Mbau kulima kahawa, akaniachia jagi. Mimi nikatumwa Kasindi.

Mnaokujua Butembo, na ukungu wake wa asubuhi na makoti yake, hamhitaji kuelezwa Kasindi. Joto linakungoja kwenye mteremko kama mgeni asiyebisha hodi. Malori yanapanga foleni kuelekea daraja la mto Lubiriha, wabadilishaji pesa wamekaa na vibunda vyao mapajani, madereva wanalala chini ya magari yao. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja cha mbao, hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha wanajeshi. Nilibeba mabenchi yangu mawili kutoka Beni juu ya lori la mbao. Dereva aliniuliza kama Kasindi hakuna mbao.

Kanuni tuliyoifuata mpakani ilikuwa rahisi. Mfanyakazi aliyeajiriwa kwenda nje lazima asimame mbele ya mkaguzi, asomewe mkataba wake kwa lugha anayoisikia. Ndugu wanaotembeleana wanapita bila kusimama. Ndiyo sababu vita vilipokolea na vijana wengi wakatafuta njia ya kutoka, kila wakala wa ajira aligundua ghafla kwamba ana ukoo mkubwa.

Asubuhi moja ya kiangazi lilifika Fuso la kahawa, na juu ya magunia walikaa wasichana wanne. Aliyeshuka mbele alijiita Bwana Désiré. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi siku ambayo hata wanajeshi walikuwa hawajanawa uso. Alisema Lingala na askari wa kizuizini, Kifaransa nami, na kwa wasichana hakusema kitu. Kwenye mkoba wake wa ngozi zilikuwemo kadi zao zote nne.

"Madame l'Inspecteur," alisema kwa upole, "hawa si wafanyakazi. Ni batoto ya ndugu yangu. Nawapeleka Kampala kwa shangazi yao. Vita, unaelewa."

"Naelewa," nikasema. "Wanakaa nyuma, weye unakaa mulangoni."

"Mais hawa ni familia!"

"Familia pia inakaa."

Askari wa kizuizini, kijana wa kwetu aliyeitwa Kambale, alikwisha kushika kamba ya kunyanyulia mti. Alikuwa na haraka. Sikuuliza kwa nini. "Mama Inspecteur, acha bapite. Batoto ya ndugu yake, wewe unataka nini tena? Damu?"

"Nataka majina tu."

Bwana Désiré hakuningoja niwaulize wasichana. Alifungua mkoba, akasoma kadi kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. "Masika. Masika. Kavira. Na Masika."

Mlangoni alikuwa amesimama mama muuza mikate, beseni kichwani. Yeye ndiye aliyeanza. Alitoa mlio mdogo wa puani, kama mtu aliyemeza chafya.

"Baba yao ni nani?" nikauliza.

"Ndugu yangu mukubwa."

"Na mama yao?"

"Mama moja, Madame. Baba moja, mama moja. Tumbo moja kabisa." Akaweka mkono kifuani.

Kwa atakayetumwa kwetu kutoka mbali, inafaa nieleze. Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, anayemfuata ni Kavira, na hivyo hivyo mpaka mama apumzike. Ukiita "Masika!" katika soko la Butembo, vichwa vitageuka kama mtama kwenye upepo. Lakini katika nyumba ya mama mmoja, ataitika mmoja.

"Ee Mungu!" muuza mikate akapiga kelele, beseni likiyumba. "Ule mama alizala wa kwanza mara tatu! Na wa pili akamupitisha katikati!"

Chumba kikapasuka. Madereva walichungulia dirishani, wakaelezwa, wakacheka, wakawaeleza wenzao. Kambale aliiachia kamba ya kizuizi, akajishika magoti. "Papa Désiré," alisema akifuta machozi, "na yule shangazi wa Kampala, yeye pia ni Masika?"

Niwaambieni ukweli wa kazi hii. Angesema baba mmoja na mama watatu, ningebaki na kalamu yangu mkononi. Alitaka tumbo moja kwa sababu lilisikika vizuri zaidi. Nimegundua kwamba mwongo wa mpakani mara chache huanguka kwa kusema kidogo.

Nilimpa maji. Aliziweka kadi mezani, akanywa, maskini, kikombe chote. Wakati akinywa niliwageukia wasichana, kwa Kinande, nikawauliza wanaenda kwa nani. Hakuna aliyejua jina la mji, wala la tajiri, wala kazi yenyewe. Mmoja aliambiwa ni hoteli. Mwingine aliambiwa ni Kampala kwanza, kisha ndege. Nikachukua kadi kutoka mezani, nikamrudishia kila msichana yake mkononi. Kambale, ambaye sasa alikuwa upande wetu kwa sababu ya raha tu ya kicheko, alimsindikiza Bwana Désiré mpaka kwenye Fuso. Likavuka na kahawa peke yake.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia ningependa. Wasichana watatu walipata lori la kurudi Butembo mchana uleule. Wa nne, Masika mrefu kutoka Kipese, mwenye kitenge cha kijani, alikataa kusimama kwenye benchi.

"Gari inakungoja," nikamwambia.

"Iende."

"Masika, mwanangu, yule mutu angekuuza."

"Pengine." Alinitazama bila kupepesa. "Mais yeye alikuwa na gari, Mama. Weye uko na nini?"

Hakungoja nijibu.

"Kipese balikamata mbuzi yetu, balikamata mahindi, balichoma nyumba ya mama. Sasa mama analala kwa kanisa na badogo yangu. Mabati ya nyumba itatoka wapi? Mu hii benchi? Umenizuia, muzuri. Sasa nipe kazi. Kama hapana, kesho nitapita mu mayi, na huko hakuna Mama Inspecteur."

Alikuwa anasema kweli, na mlango wa ofisi ulionyesha ushahidi wake: kiangazi kile Lubiriha ilikuwa imepungua hata mbuzi walivuka bila kulowa matumbo. Kumtoa mtu kwenye gari la mwizi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfikisha alikokuwa anakwenda. Nililielewa hilo siku ile, mbele ya msichana mwenye njaa aliyekaa kwenye benchi langu kana kwamba amelinunua.

Nilimchukua nyumbani kwangu, akala bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaosha vyombo kwa hasira. Habari ya Masika watatu ikapanda mpaka Beni kabla yangu. Wakubwa wakacheka nao, halafu wakafanya kile wakubwa hufanya wakimaliza kucheka: wakatoa amri. Tangu leo, hakuna msichana kuvuka kwenda kufanya kazi. Kwa ajili ya ulinzi wao.

Nilipanda lori la kwanza kwenda Beni. Mkuu wa utawala wa wakati ule alinipokea amesimama, simu ya setilaiti mkononi.

"Mama, tumefanya vile ulitaka. Tumefunga."

"Mukubwa, mumefunga daraja. Na muto?"

"Muto nini?"

"Lubiriha. Batoto banavuka kwa miguu. Jana nilikuwa naona nani anapita na nani. Kwa amri hii, Désiré hahitaji tena kudanganya. Hahitaji hata kadi zao. Atawangojea tu upande wa pili, mu majani. Mumemupa wasichana wote wa Lubero."

Alikunja uso. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye simu nyingi. "Donc unataka bapite?"

"Nataka bapite mbele yangu. Na mkataba, na karte yao mukononi. Akipotea mumoja, mutaniita mimi."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

Akaandika mstari mmoja chini ya amri ile na kuupiga mhuri wake mpya. Nilirudi Kasindi nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, nikiimba. Sioni aibu kusema niliimba. Watu huwa wanadhani sera ni jambo la mikutano na hoteli. Sera yetu ilikuwa mstari mmoja, nami nilikuwa nimeupakata.

Ng'ambo ya daraja nilikuwa na mwenzangu, Baluku, Mkonzo, afisa wa kazi wa upande wa Uganda. Serikali zetu hazikuwa zinasalimiana. Sisi tulisalimiana kila siku ya soko, yeye akininunulia sukari, mimi nikimpelekea vitunguu vya majani kutoka Kipese. Nilimweleza. Akanitafutia meneja wa shamba la chai, chini ya milima ya Rwenzori, aliyekuwa anahitaji wachumaji. Meneja akaja mwenyewe mpaka kwenye ofisi yangu, akakaa benchi la mlangoni, na Masika akakaa la nyuma.

Baluku alisoma mkataba kwa Kikonzo, mimi nikarudia kwa Kinande pale maneno yalipotofautiana. Saa za kazi, mahali pa kulala, zahanati. Masika alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama kanisani. Tulipofika mwisho, akanyanyua mkono.

"Na nikitaka kurudia kwetu mbele ya mwaka kuisha?"

Meneja akafungua kinywa. Nikashika jagi, kisha nikajizuia. Swali lile kweli lilikuwa lake yeye kujibu.

"Unasema kwa msimamizi, unaondoka," akajibu. Tukaliandika.

"Na kadi?" nikauliza.

"A, kadi tunaziweka ofisini, Mama. Kwenye sanduku la chuma. Zisipotee."

"Vizuri. Basi wachukulieni na viatu vyao, navyo visipotee."

Baluku aliangalia dari. Meneja aliangalia viatu vyake mwenyewe, akacheka kidogo, kisha akacheka sana, akauliza anapaswa kutia sahihi wapi.

Usiku wa vita watu hukimbia bila kuchagua cha kubeba, na msichana wa kazi hana kabati lenye kufuli. Kwa hiyo siku ileile nilikwenda kwa fundi cherehani wa soko la Kasindi, nikamwomba ashone kifuko kidogo kwa mabaki ya kitenge, chenye kifungo na kamba ya kuvaa shingoni. Kadi iliingia kama kidole kwenye pete. Nilimvalisha Masika pale darajani.

"Sikia," nikamwambia. "Hii haitoki shingoni mwako. Msimamizi akiomba, unamuonyesha. Tajiri akiomba, unamuonyesha. Polisi akiomba, unamuonyesha. Kuonyesha ni kuonyesha. Kupana, kuiachia mutu mukononi, hapana."

"Hata wakati wa kuoga?"

"Hata wakati wa kuoga."

"Itaoza."

"Ioze juu yako."

Akanitolea ulimi, huyo ndiye mtu niliyemwekea dhamana jina langu lote, kisha akasema "Wasingya, Mama," ile asante yetu, na akavuka akiwa amenyoosha mgongo. Kambale alimfungulia kizuizi chote, ingawa mtu mmoja anaweza kupita pembeni.

Vifuko vile vikawa desturi yetu. Wengine wengi walivuka baada yake, wachumaji na mafundi na wapishi, kila mmoja na kitenge chake shingoni, na soko la Kasindi likajua kwamba mwenye kifuko amepita kwa Mama Inspecteur. Ng'ambo, Baluku alimtambua mtu wetu kutoka mbali. Kulikuwa na waliorudi mapema kwa sababu kazi ilikuwa ngumu. Walirudi kwa miguu yao, na hilo ndilo nililolitaka. Lakini sitawadanganya: kila jioni ya soko niliyaangalia malori yanayorudi na kutafuta kitenge cha kijani. Mtu aliyeweka jina lake chini ya amri hulala sikio moja likiwa wazi.

Aliporudi, vita vilikuwa bado havijaisha. Nilisikia kwanza kelele za mabati yanayogongana kwenye lori, kisha sauti ikimtukana dereva kwa jinsi anavyoyashusha. Akaingia ofisini amenenepa, viganja vimekuwa vigumu kama ubao, na nyuma yake mlangoni yaliegemezwa mabati mapya ya nyumba ya mama yake. Akaketi bila kukaribishwa, kwenye benchi la nyuma. Kifuko kilikuwa shingoni, rangi ya kitenge imekwisha kabisa.

Nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi. Kisha nikajikumbusha kwamba niko kazini, nikafungua daftari la wanaorudi na kunyoosha mkono.

"Lete karte, nikuandike."

Akafungua kifungo. Akaitoa kadi, imepinda, imechakaa pembe, akaishika kwa vidole viwili mbele ya macho yangu.

"Angalia, Mama."

"Nipe, niisome vizuri."

"Kuangalia, ndiyo. Kupana, hapana."

"Masika! Ni miye nilikufundisha!"

"Eee, Mama," akasema, wala hakuilegeza mkononi. "Ni weye."

Kambale alikuwa mlangoni, anangojea kwa hamu kuona nitafanya nini. Nikavaa miwani. Nikazunguka meza, nikainama mbele ya benchi la nyuma kama mtu anayefunga viatu vya mtoto, nikaisoma kadi ile mkononi mwake, herufi moja baada ya nyingine, ikinuka jasho na majani ya chai.